Vikaragosi Vinahamia Riyadh

Wakesho mwanangu,

Umeshuka na lifti sasa hivi kwenda Al Wakrah kumuaga shangazi yako Jenipher, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina alasiri moja. Nimefungua pazia la sebuleni, nimesukuma cherehani kando, nimeketi mezani mahali ninapoyaona mabegi yako mawili yamesimama mlangoni kama wageni waliofika mapema wakaambiwa wasubiri. Nje, mtaa wetu wote wa Fereej Bin Mahmoud umelala. Vumbi limening'inia hewani tangu tulipotoka kanisani asubuhi, na majengo ya ng'ambo yanaonekana kama mtu aliyachora kwa penseli halafu akayafuta nusu.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kulala mapema, wala za kupiga simu. Hayo umeyasikia tangu ulipopewa tiketi, na una miaka ishirini na minne. Kuna jambo jingine. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi, mara ya pili simu yako ikalia, mara ya tatu nikafungua mdomo na kukuuliza kama unataka chai. Ulinitazama kwa muda. Nadhani ulijua kwamba si chai.

Wacha nianze na ndoto, kwa sababu imekuwa ikinirudia tangu tulipoambiwa kampuni inahama. Naota vikaragosi vyetu vyote vimetoka kwenye ghala la kampuni kule Umm Salal na vinatembea vyenyewe kwenda Riyadh. Havina mikono ya watu ndani. Vimeshika barabara ya mpakani, kimoja nyuma ya kingine, swala, mbweha, yule ngamia mwenye shingo iliyonisumbua, na mbele yao yuko kalunguyeye wetu Abu Shauk, na miiba yake ya kitambaa inapepea. Mimi niko kando ya barabara na sindano mkononi. Nataka kumshonea mtu kitu, sijui nini, lakini hawasimami. Halafu Abu Shauk anageuka, na anaongea kwa sauti yako. Si sauti ya sasa. Ni ile uliyokuwa nayo ukiwa na miaka saba, kwenye simu ya nyanya yako kule Wundanyi, Taita. Ananiuliza, "Mama, kampuni itakuachilia lini?"

Hapo huwa naamka.

Unakumbuka kwamba uliniuliza hivyo? Uliniuliza zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa nikijibu, "Karibu, mama, karibu tu." Na hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka kukueleza, maana lile la pili lilizaliwa nalo.

Hadithi unayoijua ni hii. Kampuni yetu ilikuwa na karakana Nairobi. Nilikuwa nashona vikaragosi vya kipindi cha watoto, wewe una miaka sita, baba yako ameshafariki, tunaishi chumba kimoja na nusu kule mtaani Jericho. Kisha wakubwa wakaamua kazi yote ihamie Doha. Kazi ikaisha, mama akakosa njia, akakupeleka kwa nyanya, akaenda. Hivyo ndivyo nilivyomwambia nyanya yako. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wa kanisa. Nimeisimulia mara nyingi mpaka nikaanza kuiona mwenyewe, kama picha ya siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Ukweli ni kwamba kazi haikuisha yote. Waliacha ofisi ndogo Nairobi, ya kutunza kanda na kukodisha mavazi. Bosi wetu wa wakati ule, Bi Atieno, aliniita kando ya jiko la chai akaniambia, "Wewe una mtoto. Nimekuwekea nafasi hapa. Si kazi kubwa, lakini utalala kwako." Nikamwambia nitafikiria. Nikapanda juu karakanani, na pale juu ya meza kulikuwa na picha walizotutumia kutoka Doha. Ukumbi wa kushonea wenye madirisha hadi darini. Mashine mpya. Vitambaa vimepangwa kwa rangi kutoka ukutani hadi ukutani, kama mtu amekata upinde wa mvua akaukunja. Wakesho, nilizitazama zile picha na mikono yangu ikawasha. Sikufikiria chochote siku ile. Nilikuwa nimeshaondoka.

Nilichagua. Sikulazimishwa na mtu. Nilikupenda, na niliitaka ile kazi, na nikaichukua kazi.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, wala ili uniambie hapana, ulifanya vyema. Labda nilifanya vyema. Shule umesoma, na nyumba ya nyanya ina bati na sakafu. Lakini nilikunyima kitu ambacho ungekihitaji kuliko hivyo vyote, nacho ni mtu wa kumkasirikia. Ulipotaka kukasirika nilikupa kampuni. Nyanya yako alinionyesha baadaye ile picha uliyoichora ukiwa darasa la pili: nyumba yenye meno, na mwanamke mdogo sana dirishani. Mwalimu alikuwa ameandika chini yake, "Kazi nzuri." Niliikunja nikaificha pochini.

Na siku ya kuondoka sikukuaga. Hilo unalijua, ila hatujawahi kulizungumza. Nilisubiri uende shule. Nyanya yako alisimama mlangoni akaniambia, "Mghoi, msubiri mtoto arudi." Nikasema gari halisubiri. Gari lingesubiri. Niliogopa uso wako.

Ilichukua miaka saba kukuleta hapa. Ulipotoka pale uwanja wa ndege ulikuwa mrefu kunifikia kidevuni, na ulinipa mkono. Ulinisalimu "Shikamoo" kama unayemsalimu mke wa mchungaji. Miezi ile ya mwanzo tuliishi kama watu wawili wanaopishana ndani ya maji. Nilikuwa nikisikia nyayo zako, maji ya bomba, mlango wa friji, na sikujua niseme nini. Halafu shule zikafungwa na sikuwa na wa kukuachia, nikakupeleka karakanani. Ukamkuta Ravi.

Nakuona hata sasa. Ravi, fundi wetu wa mbao, mtu wa Kerala, ameketi kwenye kile kigoda chake anachonga macho. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza macho ya vikaragosi vyote, kwa mkono, kisha anayapaka rangi tabaka juu ya tabaka mpaka yanakuwa na maji. Ulisimama nyuma yake ukiitazama mikono yake. Baada ya muda mrefu akakupa jicho moja la Abu Shauk ulishike. Ukalifumbata mkononi. Ukaniambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wewe kuanza kuongea nami, "Mama, liko moto." Lilikuwa limetoka kukaushwa. Mchana kutwa ulitembea nalo.

Kwa hiyo ulipomaliza chuo ukaniambia umeomba kazi kwetu, upande wa sauti, nilishtuka ila nilikumbuka lile jicho. Nilikuuliza kwa nini pale, wakati Doha nzima ina ofisi. Ukacheka. "Nataka kuingia ndani ya ile nyumba nione inakula nini." Nilicheka pia, ila niliikumbuka ile picha iliyo pochini.

Sasa nifike mwezi uliopita.

Siku ile walipotukusanya kwenye ukumbi mkubwa, wewe ulisimama na watu wa sauti, mimi na Ravi tukasimama nyuma karibu na rafu za sponji. Yule bwana aliyetoka makao makuu aliongea taratibu, kwa adabu. Alisema kazi zote za vipindi na za majukwaani zinahamia Riyadh, kwamba soko limekuwa kubwa zaidi kule, na kwamba kila mmoja atapewa bahasha yenye jina lake. Niliyasikia maneno yake kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nilikuwa nikitazama madirisha. Yale madirisha hadi darini. Yalikuwa na vumbi kwa nje, na jua lilikuwa linapita ndani ya vumbi, na nikafikiri, kumbe ni haya.

Nilifungua bahasha yangu pale pale nyuma ya rafu. Ravi alifungua yake. Ya Ravi ilimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri. Alikuwa ameanza kazi pale kabla yangu. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaniomba aione yangu. Nikampa.

Yangu ilikuwa na nafasi, Wakesho. Ilisema Riyadh. Ilisema msimamizi wa washonaji.

Wewe ukaja mbio ukipita katikati ya watu, karatasi yako mkononi, uso umewaka. "Mama, mimi naenda. Wewe wamekuandikia nini?" Nami nilikuwa bado sijapumua sawasawa. Nikasema, "Wamenishukuru. Wamenitakia heri. Na Ravi pia."

Niliazima maneno ya bahasha ya Ravi. Alikuwa amesimama pale, karatasi yangu bado iko mkononi mwake, akairudisha polepole kwenye bahasha na kunipa bila kutazama juu. Wewe ulishika mkono wangu na wake kwa pamoja. Ukasema hawa watu hawana haya, mikono iliyotengeneza Abu Shauk ndiyo wanaiacha. Ulisema mengi. Ulikuwa unanitetea, nami nilitikisa kichwa kama mjane anayepewa pole.

Ulipoondoka Ravi aliniambia kwa Kiingereza chake cha chini chini, "Dada, yangu ni ya kweli." Basi. Akarudi kigodani kwake, akachukua tupa, akaendelea na jicho alilokuwa nalo. Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na sidhani alikusudia liwe zito.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Sababu ya karibu ni kwamba nilijua, kabla hujafika pale nyuma ya rafu, kwamba sitaki kwenda. Nilijua kama unavyojua maji yamechemka kabla hujayatazama. Nimechoka, lakini si kuchoka tu. Nataka kurudi Taita. Nataka ukungu unaoingia hadi jikoni. Nyanya yako sasa huniita kwa jina lako na wewe kwa jina langu, na nataka kuwa pale anapochanganya. Nataka kushona sare za shule na nguo za kipaimara kwa watu wanaonijua. Usiniambie ni wema kwa nyanya. Ni tamaa yangu, kama ile ya kwanza ilivyokuwa tamaa yangu.

Na sababu ya mbali ndiyo hii. Niliogopa kwamba ukijua ningeweza kwenda nawe na sikutaka, utagundua na lile la Nairobi, useme moyoni mwako: mara ya kwanza alichagua Doha akaniacha, sasa amechagua Taita akaniacha. Nikaona heri uichukie kampuni tena. Imezoea.

Ningebaki hivyo. Naona aibu kuandika, lakini ningebaki hivyo, na ungeenda zako na uchungu ambao si wako, na mimi ningekutumia picha za milima. Ila Jumanne Bwana Sami aliniita ofisini. Unamjua, yule Mjordani wa masuala ya wafanyakazi, mwenye saa kubwa. Alifunga mlango.

"Mama Wakesho," akasema, "binti yako alikuja hapa wiki iliyopita. Aliketi kwenye kiti hicho. Anaomba nafasi kwa ajili yako."

Nikakitazama kile kiti.

"Nikamwambia nitaangalia. Sikumwambia kwamba nafasi unayo, ni siri yako, si yangu. Lakini akasema jambo jingine. Alisema kama haziwezi kuwa mbili, basi yake upewe wewe. Yeye bado kijana, atatafuta. Nimekaa ofisi hii muda mrefu. Watu huja hapa wakigombania. Huyu alikuja kutoa."

Sikulia kwake. Nililia kwenye basi la kampuni, njia yote kutoka Umm Salal, uso nimeugeuzia dirishani, na mashamba ya mitende yakawa yanayeyuka na kupita, yanayeyuka na kupita. Hukuniambia kitu jioni ile. Ulinipikia maharagwe. Ulikuwa tayari kuacha kitu unachokitaka kuliko vyote, kwa ajili ya uongo wangu, na ukaniuliza kama chumvi imetosha.

Jumatano nilirudi kwa Bwana Sami. Nilimuuliza kwanza kama nafasi yangu inaweza kwenda kwa Ravi. Akasema haziendi hivyo, yangu ni ya ushonaji, kule macho watayatengeneza kwa mashine. Aliahidi kuandika barua ya kumsifu, nami nilisimama pale mpaka akaiandika na kuipiga mhuri. Najua ni kidogo. Nilimpelekea Ravi mwenyewe na nikamwomba radhi. Alisema, "Hakuna neno, dada," akaniuliza unasafiri lini.

Kisha Bwana Sami alinipa fomu ya kukataa. Kuna mahali pa sababu. Akashika kalamu tayari. "Niandike nini? Afya? Familia?"

"Andika hataki."

Akacheka kidogo. "Hakuna mtu huandika hivyo."

"Nipe mimi niandike."

Nikaandika: nimeamua kurudi nyumbani. Nikatia sahihi. Nilijishangaa, kwa sababu ni mara ya kwanza maishani mwangu nimeweka uamuzi wangu kwenye karatasi na jina langu chini yake. Nilitoka nje, joto likanifunika kama blanketi, na nikahisi mwepesi mpaka nikaogopa kidogo.

Kwa hiyo sasa unajua. Kampuni haikunitupa. Haikuniiba Nairobi pia. Si mama yetu na si jini. Ni watu wanaohamisha kazi zao kutoka nchi hadi nchi wanapoona faida, na watu kama Ravi huachwa njiani, na hilo ni baya la kutosha bila mimi kuongeza uongo wangu juu yake. Ukitaka kuikasirikia, ikasirikie kwa ajili yake.

Nenda Riyadh kwa sababu unaitaka. Nimekuona ukiwa na vile vipokea sauti masikioni, macho umefumba, unatafuta sauti ya kalunguyeye anayetembea juu ya mchanga mpaka unaipata ndani ya bakuli la mchele mkavu. Najua unavyotabasamu unapoipata. Usije ukamwambia mtu yeyote kwamba ulikwenda kwa sababu ilibidi. Siku moja utaacha kitu au mtu, kila mmoja wetu huacha. Mimi niliyefanya vibaya naweza kukueleza tu kilichoniuma baadaye. Kuondoka hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni miaka ya kujifanya kwamba nilisukumwa. Mtu akijifanya hivyo hawezi hata kuomba msamaha, maana ataomba kwa kosa gani?

Naomba msamaha, Wakesho. Kwa kukuacha, kwa kutokukuaga, kwa ile picha niliyoificha, na kwa bahasha. Huna haja ya kunijibu leo. Huna haja ya kunijibu ukiwa Riyadh pia. Ukikaa kimya mwaka mzima nitajua ni haki yako, na nitakuandikia tu habari za ukungu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye mfuko wa begi lako, uikute baada ya ndege kuruka. Nimebadili nia katikati ya kuandika. Vumbi limeanza kutulia na jengo la ng'ambo limepata madirisha yake tena. Nakusikia chini, unaongea na yule bwana wa baqala, duka la hapo chini, anakuuliza utarudi lini na wewe unacheka. Sasa lifti inapanda. Nitakupa karatasi hizi mkononi, uketi kwenye kiti hiki usome hadi mwisho, nami nitakaa mbele yako nisiende jikoni. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Nitazame usoni unapofanya hivyo.

Mama yako,
Mghoi